Noti ya Zamani Haipimwi kwa Umri

Tarehe 5 Aprili 2025 dirisha lilifungwa. Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa imetoa miezi mitatu, kuanzia tarehe 6 Januari, kwa kila mwenye noti za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya 500 ya mwaka 2010, azipeleke benki abadilishiwe. Waliowahi walipata pesa yao kamili. Waliochelewa, na wale waliofungua sanduku la marehemu baada ya arobaini wakakuta bunda limefungwa ndani ya kanga, wamebaki na karatasi isiyonunua hata kiberiti.

Tangu hapo swali ni lilelile, Mbagala na Tandika upande wa Temeke, Mwananyamala na Tegeta upande wa Kinondoni: hizi nimuuzie nani, na kwa shilingi ngapi? Majibu yanayozunguka mitaani ni mawili. La kwanza linasema kuna Wazungu wanaonunua noti za zamani kwa mamilioni. La pili linasema hazina kazi, zichomwe pamoja na takataka. Majibu yote mawili yamewaumiza watu. Anayeamini la kwanza huombwa "ada ya usajili" na mtu asiyemjua, akaituma kwa simu, na mnunuzi akapotea. Anayeamini la pili hutupa au huuza kwa bei ya soda noti ambayo mkusanyaji wa London au Berlin angeipigania kwenye mnada.

Ninachotaka kukieleza katika safu hii ni kwamba uzee wa noti peke yake hauna bei. Bei inatokana na mambo mawili: ni ngapi zimebaki duniani, na iliyo mkononi mwako iko katika hali gani. Uchache huo hauji kwa bahati. Una sababu zake katika historia ya nchi hii, na sababu hizo zinasomeka kwenye noti yenyewe kwa anayejua pa kutazama.

Iliyolipwa hutoweka

Kanuni ya kwanza inawashangaza wengi. Pesa iliyobadilishwa kwa haki hutoweka, kwa sababu wenye nayo huipeleka benki, na benki huiteketeza. Pesa iliyokosa mlipaji hubaki, kwa sababu hakuna pa kuipeleka. Ndiyo maana noti ya serikali imara inaweza kuwa adimu kuliko karatasi ya serikali iliyokimbia vitani.

Chukua Zanzibar. Serikali ya Zanzibar ilitoa noti zake za rupia kuanzia mwaka 1908: rupia 5, 10, 20, 50, 100 na 500. Noti ya rupia 1 iliongezwa mwaka 1920. Zilichapishwa Uingereza na kampuni ya Waterlow and Sons, zikiwa na picha ya jahazi. Mwaka 1936 Zanzibar iliingia katika mfumo wa shilingi ya Afrika Mashariki, na rupia moja ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Nani angebaki na noti ya rupia 100, mali ya mfanyabiashara wa karafuu, wakati dirisha la kuibadilisha liko wazi? Zikarudi karibu zote. Zilizosalia leo ni chache sana, na noti kubwa za Zanzibar zikitokea kwenye mnada huuzwa kwa maelfu ya pauni, nyingine kwa makumi ya maelfu. Hata ile ya rupia 1 ya mwaka 1920, inayopatikana kuliko wenzake, ni mali ya kuheshimiwa ikiwa kipande kizima. Familia nyingi za Magomeni na Kinondoni zina mizizi Unguja na Pemba. Kama bibi alivuka na sanduku, likaguliwe kwa makini kabla ya jambo lolote.

Sasa tazama upande wa bara. Deutsch-Ostafrikanische Bank, iliyoanzishwa mwaka 1905 na kuwa na ofisi yake Dar es Salaam, ilitoa noti nzuri zilizochapishwa Ujerumani, zenye tarehe 15 Juni 1905: rupia 5 yenye simba, rupia 10 yenye mandhari ya bandari ya Dar es Salaam, na rupia 50 na 100 zenye sura ya Kaiser Wilhelm wa Pili. Rupia 500 ilifuata mwaka 1912. Vita vilipoanza mwaka 1914 na manowari za Waingereza zikafunga pwani, noti hazikuweza kuletwa tena kutoka Ulaya. Utawala wa Gavana Heinrich Schnee ukaanza kuchapisha noti za muda hapahapa nchini mwaka 1915, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Nyingi zimeandikwa Daressalam/Tabora na kutiwa saini kwa mkono. Dar es Salaam ilianguka mwanzoni mwa Septemba 1916, na Tabora ikaanguka mwezi huohuo mikononi mwa Wabelgiji. Bado uchapaji haukukoma: mwaka 1917 zilitoka noti duni kabisa, zilizopigwa kwa herufi za mpira, ambazo Wajerumani wenyewe waliziita noti za porini.

Mwingereza aliposhika nchi, karatasi hizo hazikuwa pesa yake. Askari, wapagazi na wakulima waliolipwa kwa noti za muda walibaki nazo mikononi, na maofisa wa pande zote walizichukua kama kumbukumbu ya vita. Ndiyo sababu noti ya rupia 1 ya mwaka 1915 au 1916, pamoja na miaka yake zaidi ya 100, ni ya kawaida sokoni. Iliyochakaa huuzwa kwa dola chache au makumi ya dola, kutegemea aina. Wakati huohuo noti za thamani kubwa za mwaka 1905, ambazo matajiri wachache walizishika, zina bei mara nyingi zaidi. Zote mbili ni za Mjerumani na zinakaribiana umri, lakini kila moja ina soko lake.

Kwa noti za muda, tofauti ndogo ndizo zinazoamua. Wakusanyaji huzitenganisha kwa tarehe ya kutolewa, herufi ya mfululizo, aina ya karatasi, muhuri wa nyuma, na hata majina ya waliotia saini. Zipo aina nyingi kiasi kwamba mtu anaweza kukusanya rupia 1 peke yake maisha yake yote. Kwa hiyo ukiwa na bunda la noti hizi, usikubali mnunuzi azipange kwa thamani tu na kukupa bei ya jumla. Mwambie azisome moja moja mbele yako.

Noti za Mfalme, za Malkia, na za mashua

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwishoni mwa mwaka 1919 ili kuzipatia Kenya, Uganda na Tanganyika pesa moja. Ilianza na florini mwaka 1920, pesa iliyoishi chini ya miaka miwili kabla ya shilingi kushika nafasi yake. Noti za florini, kwa ufupi wa maisha yake, hazionekani kirahisi, na aliye nayo asiharakishe kuuza.

Noti za shilingi ndizo zinazopatikana zaidi katika masanduku yetu. Za mwanzo zina jina la Mombasa na tarehe ya Desemba 1921. Baadaye jina likawa Nairobi. Sura zilizomo zinakupa zama: Mfalme George wa Tano, kisha George wa Sita kuanzia mwaka 1938, kisha Malkia Elizabeth wa Pili kuanzia mwaka 1953. Hapo pana kosa linalorudiwa kila siku. Mtu huona Nairobi akadhani ana noti ya Kenya, au huona Malkia akadhani ana noti ya Uingereza. Hizi zilikuwa pesa za Dar es Salaam vilevile, na tangu mwaka 1936 za Zanzibar pia.

Zama zikishajulikana, angalia thamani na tarehe. Shilingi 5, 10 na 20 zilitumika sokoni na zimebaki kwa wingi wa kiasi. Shilingi 100 zilishikwa na wachache. Zile za shilingi 1,000 na 10,000 zilikuwa za mabenki na makampuni, na kukutana nazo nje ya mnada mkubwa ni jambo la nadra. Tarehe imechapwa kwenye noti nyingi za Bodi, na tarehe moja inaweza kuwa adimu kuliko nyingine ya mwaka unaofuata. Usimpe mnunuzi wa simu picha yenye ukungu. Nakili mwenyewe tarehe, herufi na namba yote.

Toleo la mwisho la Bodi, la mwaka 1964, lilimwondoa Malkia na kuweka mashua ya tanga katika Ziwa Victoria. Nchi zilikuwa zimekwisha kujitawala, na miaka miwili tu baadaye kila moja ilikuwa na benki kuu yake. Ni toleo la kipindi kifupi, zuri kwa macho, na linafaa sana kwa mkusanyaji anayeanza, kwa kuwa shilingi 5 na 10 zake bado zinapatikana kwa bei ya mtu wa kawaida.

Saini ndiyo kalenda

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966 na Rais Julius Nyerere, Edwin Mtei akiwa Gavana wa kwanza. Toleo la kwanza lilikuwa na noti nne: shilingi 5 ya kahawia, 10 ya kijani, 20 ya buluu na 100 nyekundu, zote zikiwa na Nyerere kijana upande wa kulia, na kichwa cha twiga kikionekana ukizimulika. Jina la benki na thamani viliandikwa kwa Kiingereza. Noti ya shilingi 5 iliishi miaka michache tu, kwani mwaka 1971 ilikuja sarafu ya shilingi 5. Noti ya shilingi 100 ina migongo miwili tofauti: wa kwanza una Mmasai na mifugo, wa pili una wanyamapori. Anayeuza mia moja nyekundu bila kuigeuza nyuma hajui anauza ipi.

Mwaka 1978 lilikuja toleo la Kiswahili, lenye maneno Benki Kuu ya Tanzania na Nyerere mwenye umri mkubwa zaidi. Noti ya shilingi 50 iliongezwa mwaka 1985. Kuanzia mwaka 1986 sura ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilichukua nafasi, na kadiri shilingi ilivyoshuka ndivyo noti zilivyokua: 200 mwaka 1986, 500 mwaka 1989, 1,000 mwaka 1990, kisha 5,000 na 10,000 mwaka 1995. Nyerere alirudi kwenye noti ya 100 mwaka 1993, na baada ya kufariki Oktoba 1999 akarudi kwenye noti ya 1,000. Mwaka 2003 ulileta nyati, simba, faru na tembo, pamoja na noti ya 2,000. Toleo la mwaka 2010, lililoanza kutumika Januari 2011, lilimweka Abeid Amani Karume kwenye 500.

Noti hizi za Benki Kuu hazikuandikwa mwaka. Hapa ndipo saini zinapofanya kazi ya kalenda. Kila noti ina saini mbili, ya Waziri wa Fedha na ya Gavana, na jozi yao inakupa kipindi ilipochapishwa. Magavana ni hawa: Edwin Mtei, 1966 hadi 1974, Charles Nyirabu, 1974 hadi 1989, Gilman Rutihinda, hadi 1993, Idris Rashidi, hadi 1998, Daudi Ballali, hadi 2008, Benno Ndulu, hadi 2018, Florens Luoga, hadi 2023, na sasa Emmanuel Tutuba. Mawaziri walibadilika mara nyingi zaidi, na hivyo hukata vipindi kuwa vifupi: Amir Jamal alishika wizara hiyo kwa awamu tatu, Cleopa Msuya kwa vipindi tofauti, na Mtei mwenyewe, aliyewahi kuwa Gavana, alikuwa Waziri wa Fedha kati ya mwaka 1977 na 1979. Ukisoma jina lake, soma na cheo kilichoandikwa hapo.

Jozi ya saini iliyodumu miezi michache huwa na noti chache, na noti chache huwa na bei. Jakaya Kikwete alikuwa Waziri wa Fedha kwa muda mfupi, mwaka 1994 hadi 1995, miaka kumi kabla ya kuwa Rais. Philip Mpango alikuwa Waziri wa Fedha kuanzia mwaka 2015 hadi 2021, kisha akawa Makamu wa Rais. Mkusanyaji anayefuatilia historia ya uongozi huzitafuta saini kama hizo hata kama sura ya noti ni ya kawaida. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Benki Kuu ilitangaza noti zenye saini za Waziri Mwigulu Nchemba na Gavana Tutuba, sura ikibaki ileile. Mtumiaji wa kawaida haoni tofauti yoyote. Kwa mkusanyaji hilo ni toleo jipya.

Pamoja na saini, tazama herufi zinazotangulia namba. Noti inayoharibika kiwandani hubadilishwa kwa nyingine yenye herufi maalumu, na kwa matoleo mengi ya Tanzania wakusanyaji huangalia ZZ. Zipo pia noti zilizochapwa neno SPECIMEN na namba za sifuri tupu, ambazo mabenki hupewa kama sampuli. Hizo hazikuwahi kutumika kama pesa, na bei yake huhesabiwa peke yake.

Hali ya karatasi

Wakusanyaji wa dunia nzima hutumia ngazi zilizowekwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Noti, iliyoanzishwa mwaka 1961. Juu kabisa ni UNC, noti ambayo haijawahi kutumika wala kukunjwa, kona zake kali kama zilivyotoka kwenye mashine. Inafuata AU, yenye dosari ndogo kama kunjo moja jepesi. EF ina mikunjo michache lakini karatasi bado inalia ukiipapasa. VF imetumika kwa wazi ila haijalegea. F imelegea, mikunjo ni mingi, lakini rangi na maandishi ni kamili. VG na G ni noti zilizochoka, zenye michaniko, madoa au kona zilizoliwa. Makampuni ya Marekani yanayopima noti na kuzifunga ndani ya plastiki ngumu hutumia namba 1 hadi 70 kwa kazi hiyohiyo.

Pengo la bei kati ya ngazi hizi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Noti ya Benki Kuu ya mwaka 1966 ikiwa UNC inaweza kuuzwa kwa makumi ya dola. Ileile ikiwa imekaa miaka kumi kwenye pindo la kitenge, ikaloa jasho na kuchanika katikati, inaweza isifike dola mbili. Kwa noti zilizo nyingi, chini ya VF hakuna mnunuzi wa maana. Kwa noti zilizo chache, kama za Zanzibar, hata kipande kilichochoka kinatafutwa.

Ukielewa hilo utaelewa kwa nini noti nyingi zilizokwama Aprili 2025 hazitamtajirisha mtu. Zilichapishwa kwa wingi mkubwa, na nyingi za miaka ya 1980 na 1990 tayari ziko kwa wafanyabiashara wa ng'ambo katika mabunda mapya kabisa, zikiuzwa kwa dola chache kila moja. Noti yako ya 500 ya Karume, iliyopita mikononi mwa makondakta wote wa Mbagala, haiwezi kushindana na hizo. Itunze kama kumbukumbu, lakini usikope kwa kuitegemea.

Halali na ya kughushi

Bei ikipanda, waghushi hufuata. Silaha ya kwanza ni kioo cha kukuzia, kinachouzwa Kariakoo kwa bei ndogo. Noti halisi iliyochapwa kwa sahani za chuma ina mistari iliyokamilika na wino ulioinuka, ule mparuzo unaousikia kidoleni. Nakala iliyotoka kwenye printa ina nukta ndogo za rangi zilizopangana. Silaha ya pili ni mwanga: mulika noti dirishani utafute alama iliyomo ndani ya karatasi, kama kichwa cha twiga kwenye noti za mwanzo za Benki Kuu. Alama iliyochorwa juu ya karatasi huonekana hata bila kumulika. Silaha ya tatu ni ile taa ya buluu inayotumiwa madukani kukagua noti. Karatasi nyingi za kisasa zenye dawa ya kung'arisha huwaka chini yake, ilhali karatasi ya noti ya zamani kwa kawaida hubaki giza. Noti ya "mwaka 1908" inayowaka kama shati jipya inapaswa kukutia shaka.

Kwa noti za muda za Mjerumani kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa zenyewe zilichapwa kiduni. Hapo tazama wino wa saini. Saini ya kalamu huzama ndani ya nyuzi za karatasi na kuwa na uzito usio sawa mwanzo na mwisho wa mstari. Ukibaki na wasiwasi, tafuta jicho la pili kabla ya kulipa, hata kama muuzaji ni ndugu.

Namba, saini na picha ya noti yako vilinganishe na katalogi. Iliyozoeleka zaidi ni ile iliyoanzishwa na Mjerumani Albert Pick, na wauzaji wa dunia nzima hutaja noti kwa namba zake. Zipo pia katalogi za mtandaoni za wakusanyaji zinazosomeka bure kwenye simu. Kijana wa familia anayejua kutumia intaneti anaweza kuitambua noti ya babu yake jioni moja, kabla mnunuzi hajaingia uani.

Bei ya kweli ni ipi?

Tenganisha bei nne. Kuna bei anayoiomba mtu mtandaoni, ambayo anaweza kuandika atakavyo. Kuna bei ya katalogi, ambayo ni makadirio. Kuna bei iliyolipwa kweli kwenye mnada, ambayo nyumba za minada kama Spink na Noonans za London, au Heritage ya Marekani, huiweka wazi kwa kila mtu. Na kuna bei atakayokupa mfanyabiashara mlangoni kwako, ambayo kwa kawaida ni nusu ya bei atakayouzia, au chini ya hapo, kwa sababu naye ana gharama na faida yake. Mabishano mengi nyumbani huzuka kwa kuchanganya ya kwanza na ya nne.

Fanya hesabu ya mfano. Katalogi ikisema dola 40 kwa UNC, na yako ni F, anza na dola 6 au 8. Mfanyabiashara atakupa 3 au 4. Ukitaka kuipeleka mnada wa ng'ambo, toa kamisheni, posta na bima, na utaona kwamba noti moja ya namna hiyo haiwezi kulipa safari yake. Mnada ni kwa noti zenye thamani ya mamia ya dola na kuendelea. Kulipia upimaji wa kitaalamu nako kuna maana kwa noti za kundi hilo tu.

Kwa warithi nina neno la ziada. Msigawane noti kabla ya kuzitambua, kama mnavyoweza kugawana vyombo vya jikoni. Bunda lenye namba zinazofuatana lisivunjwe, kwani mfululizo kamili hupendwa zaidi na wakusanyaji. Andikeni orodha yenye toleo, thamani, namba, saini na hali ya kila noti, pigeni picha pande zote mbili, na kila mrithi awe na nakala. Mkikubaliana kuuza, uzeni kwa jina la wote na mbele ya mashahidi.

Kuhusu mamilioni, shikeni alama za utapeli. Mnunuzi wa kweli huuliza hali ya noti na namba yake. Tapeli huuliza unaishi wapi na una kiasi gani kwenye simu. Mnunuzi wa kweli hatoi bei kabla ya kuona. Tapeli hutoa bei kubwa haraka, kisha anataka ada ya cheti, ya forodha au ya usajili. Mnunuzi hulipa muuzaji. Pesa ikianza kutoka kwako kwenda kwake, hapo hakuna biashara. Hadithi za rupia zenye nguvu za ajabu na za hazina ya Mjerumani iliyozikwa zimo katika kapu hilohilo.

Joto la Dar es Salaam

Mji huu si rafiki wa karatasi. Unyevu wa pwani huleta kuvu na madoa ya kahawia, mende hula kingo, na bati la kisanduku hutoa kutu inayopenya hadi noti ya tatu. Noti ikae imenyooka ndani ya mfuko wa plastiki ya poliesta, kwenye kabati kavu lililo mbali na ukuta wa nje. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali huyeyuka polepole na kushikana na wino. Usiioshe noti, usiipige pasi, usiibandike selotepu wala gundi. Na tafadhali, usiipeleke kwenye laminesheni. Nimeona noti nzuri za Malkia zilizouawa namna hiyo na watu waliotaka kuzilinda, na hakuna fundi anayeweza kuzirudisha.

Wajibu wa Benki Kuu

Nimesema kwamba bei inategemea idadi iliyobaki. Kwa noti za Tanzania idadi hiyo inaweza kukokotolewa na taasisi moja tu. Benki Kuu ndiyo yenye hesabu ya kila noti iliyoagizwa, kila iliyoingia kwenye mzunguko na kila iliyoteketezwa. Sasa kwa kuwa matoleo ya 1985 hadi 2003 si pesa tena, hesabu zake zichapishwe: ngapi zilitolewa kwa kila jozi ya saini, na ngapi zilirudi kati ya Januari na Aprili 2025. Takwimu hizo zingemaliza uvumi mwingi kwa siku moja, na zingempa mjane wa Tandika taarifa ileile aliyo nayo mfanyabiashara wa London.

Benki Kuu hushiriki maonesho ya Sabasaba kila mwaka pale Barabara ya Kilwa, Temeke, na watu hupanga foleni kufundishwa kutambua noti za sasa. Meza moja ya kutambua noti za zamani, yenye katalogi, taa na mtaalamu asiyenunua, ingewafaa maelfu. Makumbusho ya Taifa nayo yanaweza kufanya hivyohivyo katika Kijiji cha Makumbusho upande wa Kinondoni. Gharama yake ni ndogo, na faida yake itabaki nchini: noti adimu zitatambuliwa zikiwa bado mikononi mwa wenyewe, nyingine zitaingia makumbusho, na zitakazouzwa zitauzwa kwa bei ya haki.

Mpaka hilo litokee, kila nyumba ianze na orodha yake. Noti iliyokaa sandukuni miaka 60 inaweza kusubiri wiki mbili zaidi ili itambuliwe, na mnunuzi asiyekubali kusubiri wiki hizo mbili aachwe aende zake.